Farasi wa mtu shambani mwako Uingereza: uwashike, umngoje mwenyewe, au uwaite wengine?

Jumamosi moja ya Februari tulifika shambani saa mbili asubuhi tukakuta farasi wanne wamesimama juu ya matuta ya vitunguu saumu. Wawili walikuwa wa madoa meusi na meupe, mmoja wa kahawia, na wa nne jike mzee ambaye manyoya yake ya baridi yalikuwa mazito hata hukuziona mbavu mpaka umguse. Mnyororo wa lango ulikuwa umekatwa, na mahali pake pamefungwa kamba ya buluu kwa fundo safi. Farasi hawa hawakupotea njia. Waliletwa.

Sisi ni familia sita, wengi kutoka Kenya na Tanzania na moja kutoka Bukavu, tuliochanga tukanunua ekari nne Essex ili tupande mchicha, sukuma wiki, maboga na, jua likikubali, mahindi. Hakuna kati yetu aliyewahi kufuga farasi. Mimi nimezaliwa Lamu, nimekua na punda mlangoni, kwa hiyo macho yote yalinigeukia. Lakini Lamu punda akiingia uani kwako unamjua ni wa nani. Unamtuma mtoto akamwite mwenyewe, mnasemezana kidogo, yanaisha. Hapa tulikuwa na wanyama wanne, mwenyewe hajulikani, na mvua inanyesha.

Waingereza wana jina la jambo hili, fly-grazing: mtu mwenye farasi na asiye na malisho huwaingiza usiku kwenye ardhi ya mwenzake, wakala mpaka watakapofukuzwa. Lilizidi baada ya mdororo wa uchumi wa 2008, bei ya farasi wa kawaida ilipoporomoka huku gharama ya kuwatunza ikibaki ileile. Tangu siku ile nimepigiwa simu mara tatu na ndugu zetu waliopatwa na hayohayo, mmoja wao akisimamia kiwanja cha kanisa, na kila mmoja huanza kwa swali lilelile: tuwafanye nini? Njia zipo kadhaa. Zinatofautiana kwa muda na kwa gharama, lakini zaidi zinatofautiana kwa kile kinachobaki mikononi mwako mambo yakiisha, na hili ndilo watu hulisahau wakiwa na hasira.

Kwanza, ardhi yako iko upande gani wa mpaka?

Tunaposema Uingereza kwa Kiswahili tunachanganya nchi ambazo sheria zake za farasi si moja. England ina yake, Wales ina yake, na Skoti ina Sheria yake ya Wanyama ya 1987, ambayo siigusi hapa kwa sababu masharti yake ni tofauti kabisa. Ukisoma ushauri kwenye intaneti, tazama kwanza umeandikwa kwa ajili ya wapi. Mmoja wa wale walionipigia simu yuko karibu na Swansea, Wales, na alikuwa amekwisha kubandika ilani ya saa 96 ya sheria ya England, ambayo kule haina nguvu yoyote.

| | England: Sheria ya Udhibiti wa Farasi, 2015 | Wales: Sheria ya Udhibiti wa Farasi (Wales), 2014 | Sheria ya Wanyama, 1971, kifungu cha 7 |
|---|---|---|---|
| Nani ashike | Anayeitumia ardhi, au mwenye hati kwa ridhaa ya anayeitumia. Halmashauri kwenye maeneo ya umma | Halmashauri | Anayeitumia ardhi |
| Taarifa | Polisi ndani ya saa 24, na mwenye farasi akijulikana | Ilani mahali pa tukio ndani ya saa 24, pamoja na polisi na mwenye farasi akijulikana | Polisi na mwenye mnyama akijulikana, ndani ya saa 48 |
| Kungoja | Saa 96, kwa siku za kazi | Siku 7 | Siku 14 |
| Baadaye | Farasi anakuwa mali yako: uuze, utoe, au auawe kwa njia ya huruma | Halmashauri yaweza kuuza, kutoa au kuua | Kuuza tu, sokoni au kwenye mnada wa hadhara |

Sheria ya 1971 ndiyo iliyokuwa tegemeo la watu wa England kabla ya 2015, na bado ndiyo anayoweza kuitumia mtu binafsi wa Wales ambaye halmashauri yake haijasogea. Ilikuwa na udhaifu wa aina mbili. Iliandikwa kwa ajili ya mifugo iliyopotea ikaingia kwako, na farasi wa fly-grazing hajapotea, ameingizwa kwa makusudi, kwa hiyo mabishano yalianzia hapohapo. Pili, ilikulazimisha uuze sokoni au mnadani. Sasa farasi asiye na pasipoti, yaani hati yake ya utambulisho, ambaye bei yake haifikii hata nauli ya trela, utampeleka mnada gani? Watu walijikuta wamelisha wanyama wiki mbili ili wafike kwenye mlango uliofungwa. Ndiyo maana mbunge Julian Sturdy alipopeleka muswada wake binafsi bungeni, jambo kubwa halikuwa kupunguza siku tu. Lilikuwa kuruhusu farasi atolewe kwa shirika, au auzwe kwa mkono, au, ikiwa hali yake ni mbaya, apumzishwe, yaani auawe kwa huruma. Sheria ilianza kutumika Mei 2015.

Na kuna mahali ambapo huna kesi kabisa. Ukinunua nyumba ndani ya New Forest, eneo la misitu na malisho kusini mwa England, na poni (farasi mdogo) akaingia bustanini kwako, jukumu la kujenga uzio ni lako. Wenyeji wa kule wana haki ya kale ya kuwaachia wanyama wao wazunguke, na mkia wa poni hukatwa kwa umbo maalumu kuonyesha kwamba ada yake imelipwa na yuko chini ya msimamizi gani. Dartmoor na milima mingi ya Wales nako kuna ardhi ya pamoja yenye haki kama hizo. Kama shamba lako limepakana na ardhi ya namna hiyo, uliza majirani kabla hujamwita mtu mvamizi.

Kumtafuta mwenyewe, au kuanza kuhesabu saa

Hizi ndizo njia mbili za mwanzo na watu hudhani lazima uchague moja. Sisi tulizifanya kwa pamoja, na bado naona ndivyo inavyopasa.

Kumtafuta mwenyewe hakugharimu pesa. Unabandika ilani langoni yenye tarehe na namba ya simu (nunua laini nyingine, usiweke namba ya nyumbani wala anwani), unauliza kwa majirani, dukani kwa chakula cha mifugo, na kwa fundi wa kwato, ambaye mara nyingi huwajua farasi wa eneo zima kwa miguu yao. Kama ni mara ya kwanza na wanyama wana afya, huenda ukapata mtu aliyebanwa kwa siku mbili tatu na atakayeona haya. Njia hii ina ubaya mmoja: neno "kesho". Mwenye farasi anayejua unamngoja atakuahidi Jumanne, halafu wikendi, halafu mwisho wa mwezi, na nyasi zinaisha. Zungumza naye, lakini saa ya sheria iwe inatembea huku mnazungumza. Usipokee pesa kidogo "za usumbufu" bila maandishi, kwa sababu kesho zitaitwa kodi na yeye ataitwa mpangaji. Kila ujumbe umalizie kwa kusema hujampa ruhusa.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Siku ile majirani wawili walikwisha kutuambia farasi ni wa "wale watu", wakimaanisha jamii zinazohamahama ziitwazo Travellers, kabla hawajauona hata mnyororo uliokatwa. Hatukujua ni wa nani na hata leo hatujui. Sisi tunaotazamwa kila tukiingia dukani tunajua maana ya kuhukumiwa kwa sura. Andika ilani kwa mwenye farasi, yeyote awaye, na ukomee hapo.

Kuwashika ndiyo njia ninayoipendekeza kwa England pale ambapo mwenyewe hajitokezi, ila uingie ukijua unachokibeba. Kushika hakuhitaji kuwahamisha. Unaweza kuwaweka palepale shambani, ukafunga lango kwa kufuli yako, na kuanzia dakika hiyo wako chini ya ulinzi wako. Andika saa. Piga picha za kila mnyama pande zote, pamoja na kwato na majeraha. Wapigie polisi siku hiyohiyo. Sheria inakupa saa 24, lakini usizichezee wikendi, maana haki yako ya kuwashika hufa zikipita bila taarifa, na omba namba ya kumbukumbu. Polisi watakuambia farasi kuingia kwa mtu ni madai, siyo jinai, na watakuwa wamesema kweli. Mnyororo uliokatwa ni jambo jingine, huo ni uharibifu wa mali, kwa hiyo uripoti kando upate namba yake.

Saa 96 zinahesabiwa kwa siku za kazi. Sisi tulianza Jumamosi, kwa hiyo hesabu yenyewe iliingia Jumatatu na kuisha Alhamisi usiku. Kwa kalenda ya kawaida hizo ni siku sita za kulisha. Farasi wa kilo 400 hula chakula kikavu karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kama kilo 8 za majani makavu. Wanne ni kilo 32 kwa siku, karibu kilo 200 kwa siku sita, na mwezi wa pili nyasi za shambani hazina nguvu ya kupunguza hesabu hiyo. Maji kila mmoja hunywa lita 20 hadi 40, pengine zaidi akila chakula kikavu. Bomba letu lilikuwa limeganda. Tulibeba madumu kwenye gari dogo asubuhi na jioni, mama mmoja wa Tanga akiwa na zamu ya alfajiri kabla ya kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee.

Sheria haikuachi ulegee katika hilo. Ukimshika farasi unawajibika kwa madhara yatakayompata kwa kukosa uangalizi, chakula au maji, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamhesabu hata anayemtunza mnyama kwa muda kuwa mwenye jukumu. Kwa maneno mengine, aliyekuvamia kakuachia wajibu, na wajibu huo unaweza kukupeleka mahakamani wewe. Si haki, lakini ukimwangalia mnyama aliyesimama kwenye tope utaelewa kwa nini imeandikwa hivyo.

Mwenyewe akitokea kabla ya saa 96, anatakiwa alipe gharama zako na uharibifu ndipo akabidhiwe. Weka risiti zote, hata ya madumu. Asipotokea, farasi ni wako. Ukimuuza na ikabaki ziada baada ya kutoa gharama, yule aliyekuwa mwenyewe ana haki ya kuidai hiyo ziada. Kwa farasi wa namna hii ziada ni nadra sana.

Ufanye mwenyewe au ulipe kampuni?

Zipo kampuni za mawakala zinazofanya kazi hii tu: wanakuja, wanabandika ilani, wanawataarifu polisi, wanasoma chip (kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya farasi), na ikibidi wanawapakia farasi kwenye lori hadi zizi lao wakamalizie siku huko. Baada ya hapo wao ndio wanaotafuta pa kuwapeleka.

Faida yao kubwa ni usalama. Kumpakia farasi asiyekujua ni kazi ya kuvunjika mbavu, na mwenyewe akija na ndugu zake usiku, ni afadhali akute zizi tupu kuliko akukute wewe umesimama langoni peke yako. Pili, wanajua makaratasi. Hasara ni bei. Tuliomba makadirio kutoka kampuni mbili na moja ilikuwa zaidi ya maradufu ya nyingine kwa kazi ileile, kwa hiyo uliza kwa maandishi: bei ni kwa kila farasi au kwa safari? Ulinzi wa zizini unahesabiwa kwa siku? Nani analipa daktari? Na farasi akishindwa kupata pa kwenda, watamfanya nini na watakutoza kiasi gani? Uliza hilo la mwisho bila haya. Sheria inaruhusu kuua, na kampuni nyingine huifikia hatua hiyo haraka kuliko ungependa.

Kwa farasi mmoja au wawili watulivu, na mkiwa wengi wa kupokezana zamu, mnaweza wenyewe. Kwa kundi, kwa dume asiyehasiwa, kwa majike yenye mimba au watoto, au kwa mtu anayeishi mbali na shamba lake, lipeni kampuni.

Halmashauri, mashirika, mahakama

Halmashauri ya England ina uwezo wa kushika farasi walioko mahali pa umma: kando ya barabara, uwanja wa michezo, bustani ya mji. Kwa ardhi yako binafsi itakuambia shughulika nao mwenyewe. Tuliwapigia mara mbili na jibu likawa hilohilo, tena kwa adabu. Wales ni kinyume chake. Kule halmashauri ndiyo yenye mamlaka, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi ikiwa farasi yuko pale bila ridhaa ya anayeitumia, na ndiyo mlango wa kwanza wa kugonga. Ila sheria inasema "yaweza", haisemi "lazima", na ndiyo sababu ndugu yetu wa Swansea alishauriwa aandike barua badala ya kupiga simu pekee.

Watu wengi hukimbilia RSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, wakidhani watakuja na lori. Hawaji kwa sababu farasi yuko kwako bila ruhusa. Huja ikiwa anateseka, na hata hapo mwenye uwezo wa kisheria wa kumchukua mnyama aliye taabani ni polisi au mkaguzi wa serikali, kwa ushahidi wa daktari wa wanyama. World Horse Welfare, shirika la tangu 1927, na Redwings la Norfolk wana watu wanaolijua jambo hili kwa undani, na ushauri wao kwa simu ulitusaidia kuliko vyote tulivyosoma. Nafasi zizini ni suala jingine: mara nyingi zimejaa. Wachukulie kama washauri tangu siku ya kwanza, na uombe nafasi mapema, kabla farasi hajawa wako. Kama aliyeachwa kwako ni punda, kuna The Donkey Sanctuary la Devon. Watu wa Lamu hatuhitaji kutambulishwa kwao, kwa kuwa kliniki yao ya punda iko kwetu tangu 1987, na mimi mwenyewe nilimpeleka punda wa babu pale nikiwa mtoto.

Mahakama naiweka nyuma. Kudai fidia kunawezekana, na madai yasiyozidi pauni 10,000 hupita kwenye utaratibu mdogo usiohitaji wakili. Lakini lazima ujue jina na anwani ya unayemshtaki, na lazima awe na kitu cha kulipa. Amri ya kumkataza mtu asirudie ni ya maana pale mtu huyohuyo anapokuvamia mara ya tatu, ya nne. Kwa dharura ya leo haisaidii.

Kumkubalia akae

Kuna njia ambayo wengi huikataa kwa hasira nayo pengine ndiyo ya busara: mwenye farasi amejulikana, anaongea vizuri, na una malisho usiyoyatumia. Muandikiane leseni ya malisho yenye idadi ya farasi, majina yao, muda, malipo, bima yake, na siku ya kuondoka. Kanuni za ustawi zinashauri nusu hekta hadi hekta moja kwa kila farasi ikiwa hapewi chakula cha ziada, kwa hiyo ekari nne kama zetu, ambazo ni hekta 1.6, zingebeba wawili, labda watatu, na hapo usipande kitu kingine. Sisi tulikataa kwa sababu ya mboga. Mwenye kiwanja kitupu angeweza kuamua vingine. Angalia tu yale maua ya manjano yanayoitwa ragwort kabla hujakubali. Yanaua ini la farasi polepole, na ukisha kupokea malipo utaulizwa.

Njia za hasira

Nazitaja kwa sababu kila moja ilitamkwa katika mkutano wetu wa Jumamosi ile. Kufungua lango watoke: farasi barabarani usiku ni kifo cha mtu ndani ya gari, na swali la nani aliyewatoa litakufikia. Kuwasogeza shamba la jirani: umekuwa mvamizi wewe. Kuwauza haraka kabla ya siku kutimia: unauza mali ya mtu. Kuwanyima maji ili mwenyewe aone huruma: hilo ni kosa la jinai, na ni dhambi.

Kwa hiyo uchague vipi

Ukiwa England, mwenyewe hajulikani, na wanyama wana afya: washike siku hiyohiyo, bandika ilani, taarifu polisi, na uanze kuomba nafasi kwenye mashirika hukohuko mwanzoni. Kama ni wengi au huwezi kuwa pale kila siku, kampuni. Mwenyewe akijulikana na kuwa mtu wa maneno, mpe siku moja ya maneno huku saa inatembea. Ukiwa Wales, halmashauri kwa maandishi, na Sheria ya 1971 iwe akiba yako. Mnyama akiwa taabani, popote ulipo, daktari wa wanyama kwanza na sheria baadaye. Na kabla ya kushika, mketi mjibu swali moja kwa ukweli: saa 96 zikiisha na farasi akawa wetu, tutamweka wapi, na nani atamlipia? Kama hakuna jibu, mnahitaji kampuni au shirika tangu asubuhi ya kwanza, hata ikibidi mchange.

Sisi hatukulijibu swali hilo, tulidhani mwenyewe angekuja. Alikuja kweli, usiku wa Jumatano. Kufuli yetu ilikatwa kama ule mnyororo wa kwanza, na farasi watatu wakaondoka bila kulipa hata senti ya majani waliyokula. Yule jike mzee aliachwa. Alhamisi usiku ikapita, na Ijumaa asubuhi tukawa wenye farasi.

Daktari alimkagua, akatafuta chip asiikute, ingawa tangu Oktoba 2020 kila farasi wa England anatakiwa awe nayo. Kwa meno yake alimkadiria amepita miaka 20. Kwato zilikuwa zimepinda mbele kama mtumbwi, na chini ya yale manyoya kulikuwa na chawa. Daktari alisema wazi kwamba kumpumzisha lisingekuwa kosa. Tulipiga kura, familia nne kwa mbili, tukamtibu. Chip, pasipoti, fundi wa kwato mara mbili, dawa ya minyoo, majani: ile pesa ya kununulia hema la plastiki la kupandia nyanya iliishia hapo. Alikaa nasi wiki sita kwenye kona tuliyoizungushia uzio wa umeme wa muda, na wiki ya sita shirika moja likapata nafasi. Nilimshika kamba siku ya kupakiwa. Alipanda trela bila kuvutwa, na hapo nikajua kwamba kuna wakati alikuwa na mtu aliyemfundisha kwa upole.

Lango sasa lina bawaba ya juu iliyogeuzwa kichwa chini, ili lisiweze kunyanyuliwa likang'olewa. Kufuli imefunikwa kwa kisanduku cha chuma ambacho mkasi wa kukatia hauingii. Nyuma ya lango tumeweka jiwe kubwa ambalo trela haliwezi kulipita, na jirani wa upande wa mashariki ana namba yetu ya pili. Vitunguu saumu tulipanda upya.